Hosteli Yetu Inahitaji Mlezi Kabla ya Jengo la Pili

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za miradi za sharika na marafiki wa dayosisi, katika semina ya maandalizi ya kikao cha Halmashauri Kuu)



 Tunawashukuru wote mliotoa sadaka, mazao ya Siku ya Mavuno, saruji, na hata siku zenu za kazi, hadi hosteli ya kwanza ya wasichana katika chuo chetu ikasimama. Leo wanafunzi wanalala ndani yake, na jina la sharika zenu limo katika kila tofali.

Ajenda yetu ni moja: fedha zinazoendelea kukusanywa kwa ajili ya hosteli ya pili. Pendekezo la ofisi ya miradi ni kwamba ujenzi usubiri miaka miwili, na katika muda huo michango mipya ielekezwe kwenye huduma kwa wanafunzi na matunzo ya hosteli tuliyo nayo. Tunajua pendekezo hili halitawafurahisha wote. Zipo sharika zilizokwisha kuchimba mchanga, na wapo marafiki waliokwisha kuwaahidi watu wao picha ya jiwe la msingi. Kwa hiyo tunaomba mtusikilize hadi mwisho, kisha mtuulize maswali magumu.

TULIKOTOKA

Wazee waliosoma chuo kikuu miaka ya 1970 wanakumbuka kwamba serikali ilibeba karibu gharama zote za mwanafunzi: masomo, chakula, kitanda, na nauli ya kwenda nyumbani. Kuanzia mwaka 1992 sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa kwa awamu, na mzigo wa chakula na malazi ukaanza kuhamia kwa mzazi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Wanafunzi wengi wa stashahada walibaki nje ya mikopo hiyo kwa miaka mingi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi yao, katika fani za kipaumbele, wamekuwa wakikopeshwa.

Wakati huo huo idadi ya vijana iliongezeka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulizaa shule za sekondari za kata nchi nzima. Elimu bila ada ilifika kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mtoto wa mkulima ambaye zamani angeishia darasa la saba leo anabisha hodi chuoni. Hiyo ni habari njema, lakini anabisha hodi akiwa na begi moja na godoro, na swali lake la kwanza ni: nitalala wapi?

Serikali nayo imejenga. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua hosteli mpya zenye majengo 20, kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Dayosisi haiwezi kushindana na serikali kwa hesabu ya vitanda, wala haihitaji kufanya hivyo. Swali letu ni dogo zaidi: hao wachache tuliopewa, tunawatunza namna gani?

TUNACHOKIONA NJE YA GETI

Ndugu wajumbe, ofisi yetu imezungukia vyumba vya kupanga karibu na chuo, vile ambavyo vijana huviita mageto. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mwanafunzi ambaye mzazi wake huuza mahindi mara moja kwa mwaka hawezi kuipata mwezi wa kufungua chuo. Hivyo wasichana watatu au wanne huchangia chumba kimoja. Kitanda ni kimoja, wanalala mzungu wa nne, na jiko la mkaa liko mlangoni. Mvua inaponyesha jiko huingizwa ndani, na moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa unaweza kuua watu waliolala.

Maktaba hufungwa usiku. Kutoka maktaba hadi chumbani hakuna taa, na nauli ya bodaboda haipo kila siku. Msichana ana njia tatu: aache kusoma jioni, atembee gizani, au akubali msaada wa mtu ambaye baadaye atadai malipo yake. Wajumbe wenye mabinti wanaelewa tunasema nini. Wengi wanaoacha masomo kwa namna hii hawaandiki barua ya kuacha. Hawaonekani tu muhula unaofuata, na chuo hudhani ni suala la ada.

Ndani ya hosteli hali ni afadhali sana. Hata hivyo, huko nako tumeona mambo ya kutusumbua. Wanafunzi hubebana, yaani aliyepewa kitanda humkaribisha mwenzake aliyekosa, na watu wawili hulala mahali pa mmoja. Umeme wa Luku ukiisha, mishumaa hutoka kwenye masanduku. Bomba likiharibika, fundi huja pale fedha inapopatikana. Na usiku binti akiugua, anayeamshwa ni mlinzi wa getini, ambaye ni mtu mwema, lakini kazi yake ni kulinda geti.

NYUMBA YA LUTHER ILIKUWA HOSTELI

Jambo hili si geni katika kanisa letu. Martin Luther na Katharina von Bora walipooana mwaka 1525 waliishi Wittenberg katika jengo kubwa lililokuwa nyumba ya watawa wa Augustino. Vyumba vile vilijaa wanafunzi waliokaa na kula pale. Yale yanayojulikana kama Mazungumzo ya Mezani yaliandikwa na wanafunzi na wageni waliokula katika nyumba hiyo. Luther alifundisha na kuhubiri. Aliyeiendesha nyumba ni Mama Katharina. Yeye ndiye aliyesimamia bustani, mifugo, bwawa la samaki, jiko, na hesabu za waliokaa pale. Bila yeye, jengo lile lingebaki vyumba vitupu na meza isiyo na chakula.

Huko Halle, mchungaji August Hermann Francke alianza mwaka 1695 shule ya watoto maskini, ambayo ilikua ikawa kituo kikubwa cha elimu chenye nyumba ya yatima. Wanafunzi maskini wa theolojia walipewa chakula bure, nao wakafundisha watoto wa kituo. Mwanafunzi alikula kwa heshima kwa sababu alikuwa na kazi ya kufanya.

Na mbele ya hao wote yupo Msamaria Mwema wa Luka sura ya 10. Tunapenda kumkumbuka kwa mafuta na divai aliyotia katika majeraha. Tukumbuke pia alivyofanya kesho yake. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha za matunzo, akaahidi kulipa ziada yoyote atakaporudi. Nyumba ilikuwapo tayari. Yeye alilipia uangalizi, na kwa ahadi ya kuendelea.

HESABU YA VITANDA 100

Kamati za miradi zinapenda hesabu, nasi tunapenda kamati za namna hiyo. Tuchukue mfano wa hosteli yenye vitanda 100.

Kwanza, maji. Tukikadiria lita 40 kwa mwanafunzi kwa siku, za kuoga, kufua na chooni, hosteli inahitaji lita 4,000 kila siku. Simtanki moja la lita 5,000 linatosha siku moja na robo. Maji ya bomba yakikatika siku tatu, tunahitaji akiba ya lita 12,000, yaani simtanki tatu. Paa lenye mita za mraba 400, likiwa na mifereji mizuri, linaweza kukusanya lita zipatazo 3,200 kutokana na mvua ya milimita 10, baada ya kutoa zinazopotea. Mifereji na simtanki mbili za kuongeza ni gharama ndogo sana ukilinganisha na jengo jipya, na manufaa yake yanaonekana msimu huo huo wa mvua.

Pili, ukarabati. Wataalamu wa majengo hushauri taasisi itenge kila mwaka kati ya asilimia 2 na 4 ya thamani ya jengo kwa ajili ya matunzo. Tuseme hosteli ina thamani ya shilingi milioni 400. Hiyo ni shilingi milioni 8 hadi 16 kwa mwaka, sawa na shilingi 80,000 hadi 160,000 kwa kila kitanda, kabla hatujamlipa mtu yeyote mshahara na kabla ya kununua umeme. Tukijenga jengo la pili la thamani hiyo, mzigo huo unakuwa mara mbili tangu siku ya kuzinduliwa, na hakuna usharika uliojiandikisha kuubeba.

Tatu, watu. Hosteli ya wasichana 100 inahitaji matroni anayeishi pale pale, msaidizi wa kumpokea, na walinzi wa zamu. Chuo kinahitaji mshauri wa wanafunzi ambaye hiyo ndiyo kazi yake, siyo mwalimu mwenye vipindi vingi aliyeongezewa cheo hicho.

MOTO

Tarehe 18 Juni 1994 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, na wasichana zaidi ya 40 walipoteza maisha. Mwezi Agosti 2009 wanafunzi 12 walikufa katika moto wa bweni la Idodi, Iringa, moto uliohusishwa na mshumaa. Majina ya shule hizi tunayataja kwa heshima na kwa kuomboleza pamoja na familia zao.

Tangu siku hizo kila anayejenga bweni ana wajibu wa kuuliza maswali yafuatayo. Je, nondo za madirisha zinaweza kufunguliwa kutoka ndani? Je, kuna mlango wa pili, na usiku ufunguo wake uko wapi? Mitungi ya kuzimia moto imekaguliwa lini, na ni wanafunzi wangapi wanaojua kuitumia? Umeme ukikatika, kuna taa ya sola, au kuna mshumaa juu ya godoro? Lini mara ya mwisho wanafunzi walifanya zoezi la kutoka nje usiku na kuhesabiwa?

Mtaona kwamba maswali mengi kati ya hayo hayajibiwi na fundi mwashi. Yanajibiwa na mtu anayelala pale, anayejua wanafunzi wake kwa majina, na anayejua usiku ule wako 100 au wako 130 kwa sababu ya kubebana. Bila daftari sahihi la waliolala ndani, hata waokoaji hawajui wamtafute nani.

KAZI YA MATRONI NA MSHAURI

Baadhi yetu tukisikia neno matroni tunawaza mama mwenye fimbo anayezima taa saa nne. Tunayemhitaji leo ni zaidi ya huyo. Anajua binti gani hajala tangu jana kwa sababu fedha za nyumbani hazijafika au bumu limechelewa. Anajua nani amefiwa, na nani amepata mimba na anaogopa kusema. Anajua wapi pa kumpeleka mgonjwa usiku, kadi ya bima iko wapi, na nani wa kupigiwa simu. Anaweka taulo za kike mahali ambapo msichana atazipata bila kuomba mbele ya watu.

Mshauri wa wanafunzi naye ana kazi yake. Anapokea malalamiko, pamoja na yale ya rushwa ya ngono, ambayo ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Dawati la jinsia linahitaji mtu mwenye mafunzo, chumba chenye mlango unaofungwa, na utaratibu unaoeleweka wa kupeleka shauri mbele. Karatasi iliyobandikwa ubaoni haitoshi. Aidha, mshauri anapanga kazi ndogo ndogo za wanafunzi katika bustani, maktaba na jikoni, ili asiye na fedha ya chakula apate sahani kwa jasho lake, kama ilivyokuwa Halle.

Tuwakumbuke pia wenye mahitaji ya pekee. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji chumba cha chini, njia ya mteremko na choo anachoweza kuingia. Na tangu Novemba 2021, waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito wameruhusiwa kurudi shuleni. Tutegemee kuwapokea vyuoni, wengine wakiwa mama. Matroni mwenye hekima atajua namna ya kuwapokea bila minong'ono.

VIPI WATAKAOBAKI NJE?

Hili ndilo swali gumu, nasi hatutalikwepa. Tukisubiri miaka miwili, wapo wasichana watakaoendelea kupanga mitaani. Kwao miaka miwili ni karibu kozi nzima. Hatuwezi kuwaambia wavumilie tu.

Ndugu wajumbe, wenye nyumba hizo ni akina nani? Wengi wao ni washarika wenzetu. Tunaimba nao kwaya, tunashiriki nao Meza ya Bwana. Kwa hiyo tunaomba sharika zilizo karibu na chuo zianze kazi ambayo haihitaji tofali hata moja. Wazee wa kanisa wakae na wenye nyumba, wakubaliane mambo manne: kodi ilipwe kwa miezi mitatu mitatu, chumba kimoja kisizidi wanafunzi wawili, mlango uwe na kitasa imara na uani pawe na taa, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Nyumba itakayotimiza masharti haya iingie katika orodha ya chuo, na matroni aitembelee kila mwezi. Mwenye nyumba atapata wapangaji wa uhakika, na mzazi aliye mbali atajua mwanae analala wapi.

Hapo tutakuwa tumewafikia wengi wa walio nje kabla jengo la pili halijafika kwenye lenta.

TUNACHOOMBA

Kwa ndugu zetu wa kamati za sharika, tunaomba mpitishe mambo matatu. Mosi, kila usharika uchukue kitanda kimoja au zaidi kwa mwaka, yaani ulipie matunzo yake na sehemu ya posho ya matroni, na ahadi hiyo iandikwe katika bajeti ya usharika kama zinavyoandikwa ahadi nyingine. Pili, uanzishwe mfuko wa matunzo ya hosteli wenye akaunti yake, watia saini watatu, na taarifa ya kila robo mwaka itakayobandikwa kwenye ubao wa kila usharika na kuchapishwa katika jarida hili. Tatu, ujenzi wa hosteli ya pili uanze siku mfuko huo utakapokuwa na akiba ya kutosha kutunza majengo yote mawili kwa mwaka mmoja. Kwa namna hiyo tarehe ya jiwe la msingi iko mikononi mwenu. Mkitoa haraka, tutajenga haraka.

Kwa marafiki wetu wa ng'ambo, tunasema kwa upendo. Tunafahamu kwamba wafadhili wengi wana utaratibu wa kutolipa mishahara, na sababu zake tunazielewa: mradi ukiisha, nani ataendelea kumlipa mtu yule? Ndiyo maana tunaomba msaada wa kupungua. Mwaka wa kwanza mbebe sehemu kubwa ya gharama za mshauri na matroni, mwaka wa pili nusu, mwaka wa tatu robo, na mwaka wa nne sharika na ada ya malazi vibebe zote. Na fedha yoyote iliyokwisha kutolewa kwa jina la jengo haitaguswa kwa matumizi mengine bila idhini ya maandishi ya aliyeitoa. Itakaa benki, na taarifa yake mtaipata.

Kuna atakayesema: huduma haipigwi picha. Ni kweli. Huwezi kukata utepe mbele ya bomba lililotengenezwa jana, wala kuweka kibao juu ya usiku ambao binti aliyeugua alifikishwa hospitali kwa wakati. Lakini ukienda kwenye mahafali ukakuta walioanza wote wapo, hiyo ndiyo picha yetu, na tunawaalika mje kuipiga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi hawa wamekaa nasi zaidi ya siku mbili. Ni watoto wa nyumbani sasa, na mtoto wa nyumbani huulizwa kila jioni kama amekula na kama mlango umefungwa. Tunaomba Halmashauri Kuu itupe mtu wa kuuliza hivyo kila jioni.

Fomu za ahadi ziko kwa makatibu wa majimbo. Tafadhali zirudishwe kabla ya kikao, zikiwa na saini ya mchungaji na mwenyekiti wa kamati. Maswali tunayapokea sasa.